Hodi kwa Kibarua wa Arobaini na Moja

Mama Sungi, mama lishe na jirani wa kina Ziada, anaapa kwamba binti huyo alikwenda Australia saa saba na nusu mchana akarudi kabla maharage hayajaiva jikoni. Anasema alishuhudia kwa macho yake. Siku hiyo alikuwa amepeleka chakula cha mchana kwenye Kituo cha Mikono ya Mbali, pale nyuma ya soko la vitunguu mjini Singida, akamkuta Ziada amekaa kwenye kiti kirefu, kichwani kavaa kofia nyeusi iliyomfunika mpaka puani, mikono imezama kwenye glavu zenye nyaya. "Hodi," Ziada akasema, taratibu, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa mkwe. Akangoja muda wa kutosha mtu kumenya kitunguu kizima. Halafu akatabasamu na kuinamisha kichwa, kama aliyesogezewa kigoda. Alipovua glavu, anaapa Mama Sungi, kucha zake zilikuwa na udongo mbichi na chumba chote kilinuka mvua, na Singida mvua haijanyesha tangu Aprili.

"Sasa niambieni," huwauliza wateja wake, "udongo huo ulitoka wapi kama si huko huko?"

Kuhusu udongo, Mama Sungi aliongeza chumvi. Kuhusu hodi alisema kweli, na hiyo hasa ndiyo haikutakiwa kusikika nje ya kituo.

Miaka hiyo Singida ilikuwa imebadilika sana. Juu ya yale majabali makubwa ilisimama minara ya upepo zaidi ya mia tatu, na umeme wake ulileta kazi ambazo zamani hazikujua njia ya kufika huko. Kazi ya mikono ya mbali ndiyo iliyoajiri wengi. Mtu alikaa Singida, akavaa kofia-macho na glavu-hisi, na mashine iliyokuwa nchi nyingine ikafanya kila alichofanya yeye, ikaona na kugusa kwa niaba yake. Kulikuwa na vijana waliokaza mabomba chini ya bahari za kaskazini, na mabinti waliozalisha ng'ombe katika nchi ambazo hawakuweza hata kuzitaja vizuri. Ziada na wenzake kumi walilinda wanyama.

Mnyama mwenyewe huitwa woili. Ni jamaa ya kangaruu, lakini uzito wake haumzidi kuku tetea. Ana mkia mrefu anaoukunja na kubebea nyasi za kujengea, na jike ana mfuko tumboni anamolelea mtoto mmoja. Zamani walijaa karibu nusu ya nchi ile. Kisha meli zikaleta mbweha na paka, misitu ikakatwa, na woili wakapungua mpaka wote waliobaki wangeenea kwenye ukumbi mmoja wa harusi. Hao wachache walikusanywa kwenye hifadhi moja ya kusini-magharibi, wakazungushiwa uzio mrefu kuliko mtu, ambao chini umefukiwa ili mbweha asichimbe akapita.

Ndani ya uzio ule mguu wa binadamu haukuruhusiwa. Kulikuwa na ugonjwa wa mizizi uliosafiri kwa tope la viatu na kuua vichaka walimojificha wanyama. Kwa hiyo ulinzi ulifanywa na watambazi. Mtambazi alikuwa mashine ya miguu minne, kimo cha paka, nyayo zake za mpira laini, mgongo umefunikwa kitambaa cha rangi ya gome la mti. Puani alikuwa na jicho-joto, lenye uwezo wa kuona mtoto ndani ya mfuko na kumpima bila kumgusa mama.

Watambazi wa kwanza waliendeshwa na akili unde, bila mtu. Akili ile ilijua kila kitu kuhusu woili. Ilijua hesabu ya nywele zake, karibu. Lakini haikujua kungoja. Ilifika kwenye kiota, ikapima, ikaondoka kwenda kingine, na kwa mwaka mmoja watoto thelathini na mmoja walitupwa.

Neno hilo, kutupwa, ndilo wanawake wa kituo walilofundishwa siku ya kwanza. Woili jike akitishwa, misuli ya mfuko wake hulegea na mtoto huanguka chini. Mama hukimbia akiwa mwepesi. Adui hubaki na mtoto, na mama huishi azae mwingine. Hivyo ndivyo walivyosalimika maelfu ya miaka. Shida ni kwamba mashine ya kuwalinda nayo iliwatisha, na kila mtoto aliyetupwa ni mmoja pungufu kati ya wachache.

Ndipo Daktari Hale, mwanasayansi mkuu wa hifadhi, alipotangaza anatafuta watu, na watu hao wawe na kitu kimoja tu, subira. Cheti hakuulizia. Mtihani ulikuwa ni kumtazama kuku anayeatamia kwa saa nne na kusimulia alichokifanya. Waliosoma vyuo walitoka baada ya saa moja wakisema kuku hafanyi kitu. Ziada, aliyeishia darasa la saba, alisimulia kwamba kuku yule aligeuza mayai mara sita, kwamba yai moja hulisukuma kila mara pembeni, na kwamba akisikia mwewe hufumba jicho la kushoto kwanza. Walilivunja lile yai la pembeni. Lilikuwa viza.

Wanawake ndio waliowapa woili jina la vibarua. Wanyama hao huchimba ardhi usiku kucha wakitafuta uyoga wa chini kwa chini, na kila mmoja kwa mwaka hupindua lori zima la udongo. "Wanalima shamba la mtu," alisema Mwantumu, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwa Ziada, mwanamke wa utani hata msibani, "na jioni hakuna anayewaambia poleni. Hao ni vibarua, mama, mtaniambia nini?" Jina likakaa. Kila mmoja akapewa na namba yake.

Sheria za kazi zilikuwa nyingi lakini iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni moja. Mtambazi asitoe sauti. Alikuwa na kipaza sauti, cha dharura tu, na swichi yake ilikuwa chini ya kidole gumba cha kushoto.

Siku ya pili ya kazi, Ziada alimtisha kibarua wa kumi na nane. Hakukusudia. Alifika kwenye kiota, kile kichuguu cha nyasi chini ya kichaka, akasogeza pua ya mtambazi karibu kiganja kimoja kama alivyofundishwa, na mnyama akatoka kama jiwe la manati. Pale mlangoni kikabaki kitu chekundu, ukubwa wa kidole, hakina nywele. Kinywa chake kilifunguka na kufumba bila sauti. Kwa kanuni hakuruhusiwa kugusa. Ziada alikitazama mpaka kilipoacha. Kisha akavua kofia, na Singida jua lilikuwa la utosini, na nje Mama Sungi alikuwa anagombana na mtu kuhusu bakuli.

Kesho yake alipelekwa kwa kibarua wa arobaini na moja, jike kijana mwenye sikio la kulia lililochanika. Kule jua lilikuwa linazama. Ziada alitembea hatua tatu, akasimama, hatua tatu, akasimama. Alipofika mbele ya ule mlango wa nyasi mikono yake ilikataa. Nyumbani kwao hata mtoto wa miaka minne haingii kwa mtu kimya kimya. Anayeingia hivyo ni mwizi au mchawi. Kidole gumba kikabonyeza chenyewe.

"Hodi," akasema.

Nyasi hazikutikisika. Hakuna kilichoruka. Ziada akangoja, akasema tena, akangoja zaidi. Mara ya tatu pua nyembamba ikatokeza, ikanusa, ikarudi ndani. Akasogeza jicho-joto. Mtoto alikuwa mfukoni, amekamata chuchu, mzima.

Hakumwambia mtu kwa wiki nzima. Halafu akamwambia Mwantumu, na kumwambia Mwantumu ni sawa na kubandika tangazo. Katika mwezi mmoja wanawake wote kumi na mmoja walikuwa wakibisha hodi, kila mmoja kwa sauti yake, wengine wakiongeza "wenyewe hamjambo?" Bwana Mghenyi, msimamizi wao, alipita nyuma ya viti akajifanya anakohoa. Aliona kwenye jedwali kwamba watoto waliotupwa mwezi ule walikuwa wawili. Mwezi uliofuata hakuna. Mwezi wa tatu hakuna. "Mimi sijasikia kitu," alisema. "Na nyie hamjasema kitu. Endeleeni kutosema."

Ikawa hivyo mwaka mzima. Vibarua wakaongezeka kutoka mia mbili hadi karibu mia nne. Arobaini na moja alizaa, akalea, akazaa tena. Siku hizo alipozisikia zile hatua tatu tatu alikuwa akitoka mwenyewe, anakaa mlangoni, sikio lake lililochanika limeelekea kwa mtambazi. Ziada alimwambia habari za mjini, bei za vitunguu, nani kaolewa. Hakuona dhambi. Kila mwenyeji hupenda kuzungumzishwa.

Kisha Daktari Hale akatokea kwenye skrini kubwa ya kituo. Alikuwa mama wa makamo mwenye uso uliobabuka kwa jua, na maneno yake yalipitia kwa mkalimani-sikio, mashine ya kutafsiri iliyokuwa na adabu kupita kiasi, ikiweka "tafadhali" hata pasipohusika.

"Tafadhali, akina mama," alisema, na sauti yake ya kweli chini ya tafsiri ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Ndani ya uzio wamejaa. Tumepewa kibali cha kuwaachia arobaini nje, kwenye msitu ambao haujaona woili kwa miaka sitini. Siku kumi na tisa kutoka leo. Arobaini na moja atatangulia, kwa sababu ndiye mtulivu kuliko wote. Hii ni kazi ya mikono yenu."

Vigelegele vilipigwa mpaka Mama Sungi akaingia na mwiko mkononi kuuliza nani kajifungua.

Ziada naye alipiga. Alasiri ile alikwenda kwa arobaini na moja kama anayepeleka barua njema. Akamkuta tayari ameketi nje. Walipokuwa wanatazamana, mtambazi wa Mwantumu akatokea nyuma ya kichaka, upande wa mgongo wa mnyama. Kipaza sauti chake kiliharibika tangu asubuhi, na Mwantumu alikuwa na haraka. Alikuja mbio, miguu minne juu ya majani makavu, cha, cha, cha.

Sikio lililochanika likageuka nyuma mara moja. Likarudi mbele.

Mwaka mmoja nyuma mnyama huyu angekuwa amesharuka mita tatu. Ziada alingoja Mwantumu apite. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi. Alimrudisha mtambazi wake hatua ishirini, akamwinamisha, na bila neno lolote akamkimbiza moja kwa moja kwa arobaini na moja, kwa kasi ambayo mbweha hukimbilia.

Kibarua akanyoosha pua kumlaki.

Kwa siku tatu Ziada hakusema kitu. Aliangalia. Alijaribu kwenye viota sita, kwa wanyama sita wa wenzake, akikimbiza mtambazi. Mmoja alikimbia. Watano walitoka nje kutazama mgeni ni nani. Kwenye jedwali, vyote sita viliandikwa na mashine yenyewe: hakuna aliyetupa, hali nzuri. Jedwali lilijua kuhesabu woga wa kupita kiasi. Uchache wa woga halikuwa na safu yake.

Siku ya nne, wakila, akamwambia Mwantumu.

"Nje ya uzio kuna mbweha," alimaliza. "Wanasema wamepunguza kwa sumu, hawajasema wamemaliza. Mbweha ana miguu minne na kimo kile kile. Atakuja kwenye majani, cha, cha, cha, na wao watamfungulia mlango."

Mwantumu aliweka tonge chini. "Wewe umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi ishie hapo hapo. Tumevunja sheria mwaka mzima, Ziada. Kumi na mmoja sisi. Mimi nina watoto watatu na mama mgonjwa. Unajua wakituondoa hapa narudi wapi? Narudi kuchambua alizeti juani."

"Najua."

"Hujui. Umeweza kumtazama kuku saa nne umefunga mdomo, leo siku kumi na tano zinakushinda?"

"Kuku nilimtazama aangue," Ziada akasema. "Hawa nitawatazama waliwe. Halafu tutaandika hali nzuri."

Mwantumu alichukua lile tonge, akaliangalia, akalirudisha. Kisha akasema, "Mwambie Daktari tulikuwa wote. Usijifanye shujaa wa peke yako. Sauti yangu ndiyo nzuri kuliko yako, na kibarua wangu wa arobaini ataona aibu usipomtaja."

Bwana Mghenyi alipoambiwa alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo, bahati yake. "Umetuchinja sote," alisema, lakini alisema polepole, na yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Daktari Hale.

Ziada alieleza yote kwenye skrini. Swichi, kumi na nane, kile kitu chekundu mlangoni, hodi ya kwanza, hodi za mwaka mzima, mbio zake kwenye viota sita. Mkalimani alitafsiri na kuongeza heshima zake. Neno moja lilimshinda. Alilizunguka kwa sentensi ndefu, kwamba ni sauti ambayo mgeni huitoa ili mwenyeji apate muda wa kuamua.

Bwana Mghenyi akagonga skrini akidhani imekwama.

"Mwaka mzima," Daktari Hale akasema hatimaye.

"Mwaka mzima, Daktari. Tusamehe."

"Nilisimama mbele ya watu na namba zile nikapongezwa. Nikasema ni subira." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Wala si uongo. Ndiyo subira yenyewe. Tulitaka wasiogope ulinzi wetu, nanyi mkawafundisha. Hakuna aliyejiuliza wataogopa nini baadaye. Mimi ndiye niliyepaswa kujiuliza."

"Naomba tuahirishe," Ziada akasema. "Msimu mmoja tu. Tutaacha kubisha hodi. Tutawaacha wasahau taratibu."

"Hakuna msimu." Daktari akaonyesha picha. Ardhi ndani ya uzio ilikuwa imechimbwa kila shibiri. "Uyoga umekwisha. Wamekuwa wengi kuliko chakula, na wameanza kukonda. Kibali cha msitu wa nje ni cha mvua hizi. Mbweha wako wachache mwaka huu kuliko watakavyokuwa tena. Wakibaki watakufa njaa. Wakitoka hivi walivyo wataliwa. Lazima wajifunze kuogopa, na wana siku kumi na tano."

Kesho yake Daktari akarudi kwenye skrini, akaeleza watakavyofanya. Hifadhi ilikuwa na mbweha-bandia, mashine iliyovikwa ngozi ya kweli, yenye harufu ya kweli na meno ya mpira. Angeletwa kwenye viota kumbana mnyama bila kumjeruhi, mara tatu nne, mpaka mwili ukumbuke.

"Lakini hiyo haitoshi," Daktari akaendelea. "Kama hatua na sauti zenu zitabaki kuwa salama, kila kitakachokuja taratibu kitakuwa salama kwao. Lazima neno lenyewe ligeuke. Wasikie neno, watoke, wamkute mbweha. Jana usiku nilipocheza sauti yako iliyorekodiwa, Ziada, arobaini na moja hakutoka. Anazisubiri hatua zako tatu tatu, anasubiri jinsi unavyongoja. Rekodi haingoji."

Chumbani hakuna aliyeuliza lililofuata, kwa hiyo Ziada akauliza. "Na watoto walioko mfukoni?"

"Wengine watatupwa."

"Wangapi?"

"Kati ya majike ishirini na sita wenye watoto, nadhani kumi. Pengine zaidi." Mkalimani aliongeza "samahani", na kwa mara ya kwanza ilionekana si nyongeza, Daktari kweli alikuwa amelisema.

Jioni ile Ziada alikwenda kumsaidia Mama Sungi kuosha masufuria, kama alivyozoea. Mama Sungi alimwangalia mara mbili tatu.

"Yule panya wako mwenye mfuko hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Mbona uso kama wa mtu aliyetumwa posa akakataliwa?"

Ziada akasugua ukoko chini ya sufuria. "Mama, mtu akikukaribisha kwake mwaka mzima, halafu siku moja ukaingia na jambazi. Ili awe anafunga mlango siku zote. Huo ni wema?"

Mama Sungi alifikiri. Hakuwa mtu wa kufikiri muda mrefu. "Mimi ningekulaani," akasema. "Lakini ningefunga mlango."

Walianza kesho yake. Daktari aliwapanga kwa zamu, na Mwantumu akawa wa kwanza kwa sababu alisema anayetaka kung'olewa jino asikae mwisho wa foleni. Alivaa kofia-macho akitania kwamba leo anapeleka mshenga mwenye mkia. Akatembea. Akasema hodi yake, ile ya kuimba. Wengine walisimama nyuma ya kiti, wakamwona tu, hawakuona alichokiona yeye. Waliona mabega yake yanaruka. Kisha mikono ikatulia.

Alipovua kofia alibaki ameishika mapajani. Bwana Mghenyi akamwuliza kwa ishara.

"Kametupwa," Mwantumu akasema. "Kalikuwa kameshaota manyoya." Akaangalia wenzake mmoja mmoja, kama anayetafuta utani mahali alipouweka, asiuone. "Lakini amekimbia. Hodi ya pili nimeisema kwa mbali, hata sijafika. Amekimbia kweli kweli."

Zamu ya Ziada ilifuata.

Alikaa, akaingiza mikono kwenye glavu, akashusha kofia. Singida ikatoweka. Jua la kule lilikuwa jekundu kati ya mashina, na hewa, kwa namna glavu zilivyoweza kuielezea, ilikuwa na unyevu. Mita mbili nyuma yake mbweha-bandia alisimama, kichwa chini, akiendeshwa na Daktari Hale mwenyewe. Ziada alitembea hatua tatu, akasimama. Hatua tatu, akasimama. Kichaka kikawa mbele yake. Leo kibarua hakuwa amekaa nje. Kulikuwa na upepo, na kiota kilikuwa kimefungwa vizuri kwa nyasi mpya.

Akasogeza jicho-joto, kutoka pale aliposimama, akaona kupitia nyasi. Arobaini na moja alikuwa macho. Mfukoni, mahali palipokuwa patupu wiki iliyopita, kulikuwa na joto dogo, ukubwa wa karanga, limeshikilia.

"Daktari," akasema, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, "amezaa."

"Nimeona," Daktari akajibu sikioni. "Ukubwa huo akitupwa hawezi kurudishwa. Sitakudanganya. Na wiki mbili kutoka leo mama yake atakuwa nje ya uzio, na mtoto huyo yumo humo humo mfukoni mwake."

Ndani ya kiota nyasi zilitikisika. Alikuwa amezisikia hatua. Alikuwa anajiandaa.

"Sitakulazimisha," Daktari akasema. Sauti yake ya kweli ilitangulia, nyembamba, na ya mkalimani ikaifuata. "Naweza kuita mwingine, lakini kwa mwingine hatoki. Nakuomba, Ziada. Mbishie hodi."

Mwantumu alikuwa amekuja akasimama pembeni ya kiti. Ziada hakumwona, alisikia pumzi yake tu. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa juu ya swichi. Nyasi za mlangoni zikasogezwa kutoka ndani, uzi mmoja, kisha wa pili, na pua nyembamba ikatokeza kwenye mwanga, ikainuka, ikaanza kungoja.

"Ziada," Daktari akasema tena. "Tafadhali."